Kidirisha cha kuchungulia

Kidirisha cha kuchungulia ni tundu dogo lenye vioo, juu ya lenzi ya kamera, ambalo mpiga picha hulitia jicho ili aone kitakachoingia pichani. Katika kamera ndogo za kidijitali tundu hilo halipiti kwenye lenzi inayopiga picha. Lina njia yake lenyewe: kioo mbele, vingine katikati, na kimoja nyuma karibu na jicho. Zumu inapovutwa, meno madogo husogeza vioo vya katikati pamoja na lenzi, ili kinachoonekana na kinachopigwa vikaribiane. Hukaribiana tu, havilingani. Ujuzi wote wa kukitumia kidirisha hiki umo katika kuijua tofauti hiyo na kuibeba kichwani.

Maelezo haya yametokana na kazi ya mpiga picha mmoja wa Rubaya, ambaye ndiye mwandishi. Alianza mwaka 2008 na Canon PowerShot A570 IS, iliyonunuliwa Goma ikiwa imekwisha kutumika. Kamera hiyo, toleo la 2007, ilikuwa na megapikseli 7.1, zumu ya mara 4 na nafasi ya betri mbili za AA, yaani mawe madogo ya redio. Haikuchaguliwa kwa ajili ya kidirisha. Ilichaguliwa kwa ajili ya mawe, kwa kuwa yaliuzwa katika kila kibanda, na umeme wa Rubaya ulikuwa wa jenereta, saa chache za jioni. Kidirisha kilikuja kama nyongeza ambayo hakuna aliyeiomba, na kwa wiki za kwanza hakikutumika.

Rubaya ni mji wa machimbo katika teritware ya Masisi, Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtu anayetoka Goma hupita Sake, akapanda Mushaki, kisha akaingia katika vilima vya malisho ya ng'ombe mpaka vinapoanza vilima vilivyochimbwa: Bibatama, Luwowo, Gakombe. Humo hutoka koltani, jiwe lenye tantalamu, na inakadiriwa kwamba takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia yatokana na eneo hilo. Tantalamu hutengenezewa kapasita ndogo sana za simu, kompyuta na kamera. Oksidi yake huchanganywa pia katika baadhi ya vioo vya lenzi, ili vipinde mwanga zaidi bila kuongezwa unene. Wachimbaji, ambao huko huitwa wakrezeri, walijua vizuri kwamba jiwe lao huingia katika simu. Kwamba huenda liliingia pia katika kitu walichoelekezewa usoni, wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa, na walipoambiwa waliomba kukishika.

Mwanga wa vilima hivyo ndio uliompeleka mpiga picha kwenye kidirisha. Rubaya iko karibu na ikweta na juu sana kutoka usawa wa bahari. Saa sita mchana jua hukaa utosini, na miti kwenye karieri, yaani machimboni, imekwisha kufyekwa. Kioo cha nyuma cha kamera, yaani skrini yake, ambacho ndani ya nyumba huonyesha kila kitu kwa rangi nzuri, hapo hugeuka kuwa kipande cheusi kinachoakisi shati la anayekitazama. Kukikinga kwa kiganja hakusaidii sana, na kunachukua mkono mmoja ambao ungeishika kamera. Jicho likiwa kwenye tundu, jua haliingii. Mtu mbele huonekana kama alivyo, kwa mwanga uleule anaosimama ndani yake.

Faida ya pili ilikuwa ya mawe. Kioo cha nyuma ndicho mlaji mkubwa wa umeme katika kamera ya aina hii. Kikizimwa, mawe yaleyale hupiga picha mara mbili na zaidi. Mawe yaliyokwisha nguvu za kuwasha kioo yalibaki na nguvu za kufungua lenzi mara kadhaa, na siku ya harusi au ubatizo picha hizo kadhaa zilikuwa ndizo malipo ya siku. Faida ya tatu ni ya mwili. Kamera inayoshikwa mbele kwa mikono miwili iliyonyooshwa hutikisika. Ile iliyobanwa kwenye paji la uso, viwiko vikiwa vimegandamana na mbavu, hutulia, hata kama miguu imesimama kwenye mteremko wa udongo uliolowa. Masisi mvua ni nyingi, na udongo wa karieri huteleza kama sabuni.

Sasa hitilafu zake. Ya kwanza huitwa paralaksi. Kidirisha kipo juu ya lenzi kwa kadiri ya sentimita 4, kwa hiyo jicho na lenzi havitazami kutoka mahali pamoja. Kwa kundi la watu lililosimama mita 3 mbali, zumu ikiwa haijavutwa, picha huchukua urefu wa zaidi ya mita 2 kutoka juu hadi chini; sentimita 4 hapo si kitu. Kwa kitu kilicho sentimita 40 mbele, picha huchukua urefu wa sentimita 30 hivi, na sentimita 4 zinakuwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kile kilichoonekana katikati hutoka kimepanda juu, na ukingo wa juu hukatwa. Zumu ikivutwa hadi mwisho, hitilafu hiyo hurudi hata mbali zaidi, maana picha imebana. Picha za pasipoti hupigwa hivyo hasa, mtu akiwa mita moja na nusu kutoka kwenye kamera. Na kwa kuwa kamera hulazwa ubavu ili picha isimame, kidirisha huhama kutoka juu kwenda pembeni, na kosa nalo huhama: si utosi unaokatwa bali sikio.

Picha za pasipoti ndizo zilizokuwa mkate wa kila siku. Sheria ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002 inamtaka mchimbaji mdogo awe na kadi, na kadi inataka picha. Shule nazo zilitaka picha, vivyo hivyo makanisa na vyama vya ushirika. Picha nyingi za mwanzo ziliharibika kwa sikio. Wateja waliopanda kilomita nyingi waliletewa nyuso zilizosukumwa pembeni, nao walikataa kulipa kwa haki kabisa. Dawa iligunduliwa kwa vidole. Sentimita 4 ni upana wa vidole viwili na kidogo. Mpiga picha alipanga uso katikati ya kidirisha, kisha kabla ya kubonyeza akaisogeza kamera nzima vidole viwili kuelekea upande wa kidirisha, ili lenzi ikae pale jicho lilipokuwa. Kamera haiinamishwi, husogezwa tu, ikiwa imenyooka. Baada ya picha mia kadhaa mkono hufanya hivyo bila kuamriwa, na mtu aliyezoea hivyo huendelea kusogeza hata anapopewa kamera isiyohitaji.

Hitilafu ya pili ni ya mipaka. Kidirisha cha kamera ndogo huonyesha karibu asilimia 80 tu ya kitakachopigwa. Watengenezaji waliacha akiba hiyo kwa makusudi, ili mtu asiyejua paralaksi asikate vichwa. Maana yake ni kwamba pembezoni mwa kila picha kuna ukanda ambao aliyepiga hakuuona. Mahali pengine ukanda huo huleta ndoo au mbwa. Katika Masisi ya miaka ile uliweza kuleta bunduki. Siku moja familia ilipigwa picha mbele ya duka, na kidirisha kilionyesha familia na mlango. Picha ilipotazamwa jioni, upande wa kushoto palikuwa na mkono na mtutu wa mtu mwenye silaha aliyeegemea ukuta. Mwenyewe alikwisha kuona kamera ikielekezwa upande wake, na alikuja kuuliza anapigwa picha kwa ajili ya nani. Hilo halikumalizika kwa maneno peke yake. Kadi ya kumbukumbu ilichukuliwa na picha za siku tatu zilikwenda nayo. Kosa halikuwa la kamera. Mpiga picha alikuwa ameuamini ukingo wa kidirisha kana kwamba ndio ukingo wa picha.

Tangu hapo jicho la pili halikufumbwa. Wengi hulifumba la kushoto wanapochungulia kwa la kulia, na kwa kulifumba hupoteza kile hasa ambacho kidirisha kinanyima. Kulizoeza lisifumbe huchukua majuma, kwa sababu kidirisha huonyesha vitu vidogo kuliko jicho tupu linavyoviona, na picha hizo mbili hugombana kichwani. Njia nyepesi ni kuyapokeza macho: la kulia lipange, la kushoto lizungushwe pembeni, la kulia lirudi, kisha kidole kibonyeze. Kwenye karieri hilo lilikuwa pia suala la usalama. Njia za Bibatama ni nyembamba, na wabeba magunia hushuka mbio kwa sababu mzigo wenyewe unawasukuma. Anayesimama njiani uso wake ukiwa umefichwa nyuma ya kamera anastahili kujua nani anakuja.

Mengine ni mepesi. Lenzi ikiwa haijavutwa, ncha yake huonekana kama kivuli kwenye kona ya chini ya kidirisha, pichani haimo. Kidirisha hakisemi kama picha imelengwa sawasawa. Pembeni yake kuna taa mbili ndogo: ya juu ikiwa kijani thabiti kamera iko tayari, ikipepesa rangi ya chungwa inaonya kwamba mkono unaweza kutikisika, na ya chini ikipepesa njano kamera imeshindwa kulenga. Mpiga picha aliiweka kamera ilenge katikati tu, akabonyeza nusu juu ya macho ya mtu, akapanga upya, akamaliza kubonyeza. Vumbi la kiangazi hujaza tundu. Husafishwa kwa kijiti kilichoviringishiwa pamba kavu, kamwe si kwa ncha ya shati, kwani vumbi la karieri hukwaruza.

Kwa watu kidirisha kina tabia ambayo vitabu vya maelekezo havitaji. Kamera inayotazamwa kwa kioo cha nyuma hushikwa tumboni au kifuani, na anayepigwa hajui ni wakati gani amepigwa. Kamera inayopandishwa jichoni hutangaza. Rubaya ilikuwa na sababu nyingi za kuogopa picha: wageni waliokuja, wakapiga, wakaondoka, na hakuna aliyeona picha hizo zilikokwenda. Mkrezeri aliyeona kamera ikipanda alipata nafasi ya kugeuza uso, au ya kufuta matope na kunyoosha mgongo. Wengi walinyoosha mgongo. PDG wa shimo, kama mwenye shimo anavyoitwa, alitaka saa ya mkononi ionekane. Mama wauza chakula walitaka masufuria yaondolewe. Vijana walisema, "Papa Foto, tena moja," na wazee walisubiri kuambiwa, "Muzee, inua kidevu kidogo," kabla ya kutulia kabisa. Mpiga picha anashikilia kwamba nyuso hizo zisingepatikana kwa kamera ya kifuani.

Katika teritware jirani ya Walikale, alikokwenda mara mbili kufuata kazi, mambo yalibadilika. Huko madini ni kasiteriti, jiwe lenye bati, hasa ya Bisie, na njia ya miguu kutoka machimboni ilipita msituni, wabebaji wakiwa na magunia ya kilo 50. Chini ya miti kioo cha nyuma hakisumbuliwi na jua, bali hujaa chengachenga na kuchelewa: mtu huonekana pale alipokuwa, si pale alipo. Kidirisha hakichelewi, maana hakuna kinachosubiriwa humo zaidi ya mwanga wenyewe.

Serikali iliposimamisha uchimbaji wa Kivu zote mbili na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, wateja wa pasipoti walitoweka, na kazi iliyobaki ilikuwa ya misiba. Picha ya marehemu huwekwa juu ya jeneza, na mashimo yaliyoporomoka wakati wa mvua yaliacha familia nyingi zisizo na picha yoyote. Mpiga picha hakuwahi kufuta faili. Aliziweka kwenye sidii, kwa tarehe. Mama mmoja alikuja kutafuta picha ya mwanawe ambaye, kwa kumbukumbu ya watu wote, hakuwahi kupigwa. Zilifunguliwa picha za karieri moja baada ya nyingine kwa siku mbili. Kijana alipatikana pembeni mwa picha ya mtu mwingine, ukingoni kabisa, akiwa amebeba beleshi na kutazama kamera moja kwa moja. Alikuwa katika ule ukanda ambao kidirisha hakiuonyeshi. Aliyepiga hakumwona. Sehemu hiyo ilikatwa, ikapelekwa Goma kwa pikipiki na kusafishwa kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15. Ilikuwa na chengachenga, lakini mama alimtambua kabla karatasi haijatoka yote kwenye bahasha.

Kamera ndogo zenye kidirisha zilipungua kadiri kioo cha nyuma kilivyopanuka na kuchukua nafasi yake. PowerShot G16 na A1400, zote za mwaka 2013, zilikuwa miongoni mwa za mwisho za Canon. Fujifilm, kwa X100 iliyoingia sokoni 2011, ilikirudisha kidirisha kikiwa bora zaidi, chenye mistari ya mipaka inayong'aa ndani yake, lakini kwa bei isiyofika Masisi. Rubaya ilipata simu. Baada ya hapo mtu alijipiga mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa, na picha za pasipoti zilihamia kwenye vibanda vya kompyuta.

Mpiga picha aliondoka Rubaya mwaka 2024, mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 tarehe 30 Aprili. A570 ilikuwa imekwisha kufa: lenzi haitoki, mawe mapya hayaiwashi. Kidirisha chake hakijafa, kwa kuwa hakikuhitaji mawe tangu mwanzo. Watoto wa nyumba aliyofikia huichungulia kamera hiyo, wakapanga nyuso za wenzao katikati, na wanaelekezwa kusogeza vidole viwili kabla ya kubonyeza.