Kompyuta Isiyowaka

Ufundi niliusomea Kariakoo, si chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani zilikuwa zikiingia Dar es Salaam kwa makontena, na nyingi zilitufikia zikiwa kimya: unabonyeza swichi, hakuna taa, feni haizunguki.

Za Marekani zilikuwa na ugonjwa wake. Nyuma ya pawa saplai nyingi palikuwa na kiswichi chekundu cha kuchagua volti, 115 au 230. Kule kwao kilikaa kwenye 115. Mnunuzi wa hapa akachomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila kukigusa, pakasikika mlipuko na moshi ukatoka. Kikiwa kwenye 115, saketi ya ndani huzidisha volti mara mbili, kwa hiyo kapasita zilibebeshwa mzigo ambao hazikuundiwa. Mara nyingi hasara iliishia humo humo kwenye pawa saplai, na diski yenye kazi za mtu ikasalimika. Habari hiyo nilitaka mteja aisikie kabla ya bei.

Kisha ukaja ukame wa 2006, maji yakapungua mabwawani, tukaingia kwenye mgawo wa umeme. Umeme ulirudi kwa kishindo, na mashine zisizo na stabilaiza ndizo zilizokipokea. Kazi zikatujaa hadi mlangoni.

Wakati huo alikuja mama mwenye duka la stesheneri, kijana wake kambebea kasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeambiwa madabodi imekufa, ninunue nyingine. Na mitihani ya shule nzima imo humo."

Hukumu ya namna hiyo ilinikera, na hadi leo inanikera: fundi kutangaza kifo bila kushika mita. Nikaanzia ukutani, kama nilivyofundishwa. Soketi nzima, waya mzima. Nikagusanisha kwa bisibisi pini mbili za swichi ya mbele, maana kitufe kikifa mashine nzima huonekana imekufa. Kimya. Nikapima waya wa zambarau, ambao hubeba volti 5 muda wote kompyuta inapokuwa imechomekwa, hata ikiwa imezimwa. Mita ikaonyesha 3 na kidogo. Kwa umeme huo madabodi haiwezi hata kusikia kwamba swichi imebonyezwa.

Nikafunga pawa saplai nyingine. Feni ikazunguka, ukatoka mlio mmoja mfupi, na yule mama akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakuuliza bei. Aliuliza kama mitihani ipo, nami nikamnakilia yote kwenye flashi kwanza, ndipo tukazungumza malipo.

Ile mbovu niliiacha ikae, kwa kuwa kapasita kubwa za ndani huweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na kijana anayejifunza hapaswi kuzifahamu kwa kidole. Nilipoifungua nilikuta kapasita mbili ndogo zimevimba vichwa, zimetoa ute wa kahawia. Nikabandua, nikachomelea mpya. Kwa kipande cha waya nikaunganisha wa kijani na mweusi, nikaitwisha diski kuukuu iwe mzigo, nikapima: njano 12, nyekundu 5, chungwa 3.3. Ikabaki mezani petu, ikitumika kujaribia madabodi zote zilizoletwa zikisemwa zimekufa.