Pampu ya Dizeli Ilinisema

Nilikuwa dereva wa hospitali moja ya misheni katika Bonde la Kilombero, na kwa muda mrefu niliiba dizeli ya gari nililokabidhiwa. Nalisema hili mwanzoni ili usinisome ukinidhania mwema. Hospitali sitaitaja jina. Haikunikosea lolote.

Gari lilikuwa Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ndefu yenye mabenchi mawili nyuma ambapo abiria hukaa wakitazamana. Aliyefanya kazi vijijini analijua. Hubeba chanjo asubuhi, mchana likarudi na mjamzito, na usiku likapeleka maiti kwao. Injini yake ni 1HZ, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo. Chini lina matangi mawili, lita 180 kwa jumla, kwa sababu waliolibuni walijua kuna watu wanaoishi mbali na kituo cha mafuta. Mimi yale matangi niliyaona kwa jicho jingine.

Kazi yangu kubwa ilikuwa huduma za mkoba. Tulikuwa tunakwenda na muuguzi pamoja na masanduku ya chanjo yenye barafu mpaka vijiji ambavyo masika huvitenga, na kina mama walitusubiri na watoto wao na kadi za kliniki. Kwenye kituo cha mafuta nilijaza dizeli halali na kuchukua risiti halali. Njiani nilikuwa na mteja wangu. Nilinyonya dumu moja au mawili, nikamuuzia, kisha nikafidia pengo kwa mafuta ya taa. Miaka ile mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, hivyo bei yake ilikuwa chini, na uchakachuaji ulienea nchi nzima. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuutambua, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Mimi sikuhitaji kufundishwa na wafanyabiashara wakubwa. Nilikuwa na mpira wangu na dumu langu.

Nilijitetea moyoni kwa maneno ambayo madereva wote tunayasema: Land Cruiser haifi. Na kweli gari lile lilinivumilia kuliko nilivyostahili. Baadaye nilijifunza sababu. Injini kubwa kiasi kile hutoa kilowati 96 tu. Ingeweza kukamuliwa itoe nyingi zaidi, lakini waliiacha hivyo, na bloku yake ni ya chuma cha kusubu, nzito. Nguvu yake ya kuvuta hufika kilele kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, chini kabisa, mahali ambapo dereva aliye kwenye tope anaihitaji. Mimi nililidharau kwa uzito wake wa kupanda kilima, nikalisifu kwa kutokufa kwake, na katika yote mawili sikuwa najua nisemalo.

Dalili zilianza taratibu. Asubuhi gari liliwaka vizuri. Mchana, likishapata moto, ukilizima haliwaki tena mpaka lipoe. Likiwa limesimama, resi ilipanda na kushuka yenyewe. Utingo wangu aligundua kwamba ukilowesha kitambaa kwa maji baridi ukakifunika juu ya pampu ya dizeli, linawaka. Tukawa tunatembea na kitambaa na chupa ya maji, na niliona tumepata dawa.

Siku lilipokataa kabisa tulikuwa tunakwenda upande wa Mahenge. Tulivuka Mto Kilombero kwa kivuko, daraja lilikuwa bado, tukapita Lupiro, tukaanza kupanda milima. Nguvu ikapungua gia baada ya gia. Niliingiza gia za chini za fowili, zile ambazo kwazo Land Cruiser hupanda karibu popote, likasogea kidogo na kuzima. Kitambaa hakikusaidia. Muuguzi alikaa na masanduku yake akiitazama saa, kwa sababu barafu ya chanjo haisubiri dereva. Kijiji tulichokuwa tunakiendea hakikutuona siku ile. Chanjo zilirudi Ifakara kwenye lori la mkaa, nasi tukavutwa.

Fundi wa gereji ya hospitali alikuwa mzee mwenye maneno machache. Aliifungua pampu juu ya meza safi, akapanga vipande kwenye kitambaa cheupe, kisha akaniita. Ndani yake kuna mchi mmoja tu unaohudumia silinda zote sita. Unazunguka na papo hapo unakwenda mbele na kurudi, ukisukumwa na sahani yenye vilima inayopita juu ya roli ndogo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, pampu inazunguka 1,000, na mchi ule unapiga mara 6,000. Sahani ilikuwa imechimbika. Chini ya nyumba ya pampu palikuwa na unga wa chuma unaometameta.

"Pampu hii haina oili yake," aliniambia. "Dizeli inayoisukuma ndiyo hiyo hiyo inayoilainisha. Mafuta ya taa ni makavu." Akanisogezea kipande kimoja puani ninuse. "Mwanangu, hii siyo dizeli."

Sikujibu. Hakunipigia kelele wala hakuniuliza nimeanza lini. Alisema Sista msimamizi atauliza, naye atamwambia pampu imeisha. "Sababu utamwambia wewe."

Usiku ule nilitunga uongo wangu vizuri. Nilipanga kukilaumu kituo cha mafuta, na risiti nilikuwa nazo zote. Asubuhi niliingia ofisini, nikamwamkia, nikaanza kusema kama nilivyopanga. Sista alinisikiliza akiandika. Nilipofika katikati aliacha kuandika akaniuliza jambo moja: "Wale kina mama wa kule Mahenge, nani aliwaambia kwamba hamji?"

Hakuna aliyewaambia. Walikaa mpaka jioni. Sijui kwa nini swali lile, ambalo halikuwa hata la mashtaka, lilinivunja. Nilimweleza yote, na mteja wangu, na dumu, na muda gani. Kuna jambo jingine lilitoka ambalo sikukusudia kulisema. Gari lile lina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayowaka kila zikifika kilomita 100,000 kukumbusha kwamba mkanda wa taimingi ubadilishwe. Mkanda huo ndio unaozungusha kemshafti pamoja na pampu. Ukikatika, pistoni hukutana na valvu. Taa iliwaka zamani. Niliibandika utepe mweusi nisiione, maana kupeleka gari gereji kulimaanisha siku kadhaa bila biashara yangu. Nilikuwa nikiwapakia wagonjwa juu ya mkanda uliochoka.

Nilitegemea polisi. Kwa haki nilistahili polisi. Badala yake Sista aliniambia sitashika usukani, nitakwenda kuwa msaidizi wa fundi, na sehemu ya mshahara wangu itakatwa kulipia pampu. Pampu mpya ilizidi mishahara yangu ya miezi mingi, nayo hospitali ilibeba nusu. Nilipouliza kwa nini, alisema kazi ya gereji inahitaji mtu, na watoto wangu wanahitaji kula. Hakuongeza neno.

Ndugu yangu unayesoma, usidhani niligeuka siku hiyo. Kwa miezi ya kwanza nilikuwa na hasira. Niliona aibu kuosha vipuri mbele ya madereva wenzangu. Mteja wangu alikuja mpaka nyuma ya ukuta wa gereji na madumu yake, na nilitamani. Sikumfukuza kwa ujasiri. Nilikwenda kwa mzee nikamwomba ufunguo wa stoo ya mafuta akae nao yeye, nisiushike kabisa. Aliuvaa shingoni na hakunidharau kwa hilo.

Kilichonibadilisha polepole ni kufundishwa. Siku moja mzee aliniambia nichukue pampu ya baiskeli, nizibe tundu kwa kidole na kusukuma. Mrija ukapata moto mkononi. "Hiyo ndiyo dizeli," alisema. Injini ya petroli hungoja cheche ya plagi. Ya dizeli hubana hewa tupu mpaka joto lake linatosha kuwasha mafuta yenyewe, na katika 1HZ hewa hubanwa ikabaki sehemu moja kati ya 22.4 ya ujazo wake. Akafungua silinda hedi akanionyesha vichemba vidogo. Nozeli hupulizia dizeli humo, ambamo hewa inazunguka kwa kasi, moto unaanzia humo, kisha unatoka kuisukuma pistoni. Mpango huu hupoteza joto, na ndiyo maana asubuhi unasubiri hita plagi, na gari linakunywa kuliko zile za kisasa. Lakini haudai shinikizo kubwa kama injini za komoni reli, ambazo uchafu na maji kidogo tu huziua. Nilielewa kwamba kila nilichokiona upungufu katika gari lile kilikuwa kimeachwa kwa makusudi, kwa ajili ya mtu aliye mwisho wa barabara na hana fundi. Mtu huyo alikuwa kama wale kina mama wa Mahenge. Uvumilivu uliowekwa kwa ajili yake ndio niliokuwa nikiula mimi.

Nilijifunza kulegeza kibomba chini ya filta kila Jumatatu na kumwaga maji yaliyotuama. Nilijifunza kuzima gari na kupima kina cha mto kwa fimbo kwanza, kwa sababu maji yakifyonzwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, na kitakachopinda ni fito za pistoni. Mkonga wa kuvutia hewa ulioinuliwa juu ya bodi husaidia, lakini haumpi dereva ruhusa ya kujirusha. Namshukuru Mungu kwa mzee yule. Ameshatangulia mbele za haki, na kila ninachokijua kuhusu injini ni chake.

Deni lilipobaki kidogo, Sista aliniita akanionyesha daftari. Alikuwa ameshalipiga mstari. Nilisema nitalimalizia, akasema hakuna cha kumalizia. Wiki hiyo hiyo nilirudishiwa ufunguo wa gari.

Safari yangu ya kwanza niliomba iwe ya kile kijiji. Nilimwambia mwenyekiti na kina mama waliokuwepo kwamba siku ile gari halikuharibika lenyewe, niliharibu mimi. Mama mmoja aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado, akaniletea ugali na kambale. Sikuwa na cha kumjibu.

Sasa niko gerejini tena, na mimi ndiye ninayewapokea madereva wapya, na huwasimulia haya yote kabla sijawakabidhi gari. Hivi karibuni kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akaniuliza, bila kunitazama, gari likikataa kuwaka mchana lakini asubuhi linawaka, ni pampu tu au kuna kingine. Nilimwuliza amelitia nini. Akanyamaza, kisha akaniambia. Tulikwenda ofisini pamoja, nikakaa kwenye kiti cha pembeni mpaka alipomaliza kusema. Pampu yake tuliiwahi, ilihitaji kusafishwa na kubadilishwa sili tu. Anafanya kazi nami gerejini, na ufunguo wa stoo ninao mimi, kwa sababu aliniomba nikae nao.