Kutoka Ngare Nairobi Kuelekea Sinya

Asubuhi ya Ngare Nairobi ilikuwa na baridi kali, na Kilimanjaro ulionekana wote hadi kileleni. Tulitaka kuwahi njia kabla jua halijawa kali, lakini saisi wetu, mzee tuliyemwita Babu, alikataa. "Hakuna kutandika mpaka kila farasi apimwe," akasema, akanikabidhi daftari.

Aliweka vidole viwili chini ya taya la dume mwekundu, pale mshipa unapopita juu ya mfupa, akatazama saa kwa nusu dakika. "Kumi na saba. Zidisha mara mbili." Nikaandika 34. Moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Hupumua mara 8 hadi 16, na joto lake huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Kisha akainua mdomo wa juu na kubonyeza ufizi kwa kidole gumba. Palipauka, rangi ikarudi kabla ya sekunde mbili.

"Huyu ndiye mzima, mwanangu. Usipomjua akiwa hivi, akiugua utajuaje?"

Ndani ya mfuko wa dawa mlikuwa na pamba nene, shashi, bendeji pana, maji ya chumvi, glovu, mkasi wa ncha butu na themomita iliyofungwa uzi ili isipotelee ndani wakati wa kupima. Simu na kisu havikuingia humo. Babu alitaka vikae mwilini mwa mpandaji, kwa kuwa farasi akishtuka na kukuangusha hukimbia na kila kilichofungwa kwenye tandiko. Kofia ngumu halikuwa jambo la kujadiliwa, asiyevaa hapandi.

Tukateremka kuelekea nyika za Enduimet, Meru ukiwa nyuma yetu kushoto na Longido kwa mbali mbele. Pundamilia walituacha tukaribie, maana ukiwa juu ya farasi hawakuoni kama mtu. Ni raha kubwa, ila pundamilia hao huweza kubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika bila kuonyesha dalili. Visubi hueneza virusi hivyo, hasa kuanzia machweo hadi alfajiri, na hakuna dawa ya kuviua vikishaingia mwilini. Farasi wetu walikuwa wamechanjwa. Hata hivyo ratiba yote ilipangwa ili giza liwakute chini ya paa.

Kwenye korongo kavu, kisiki cha mgunga kilimchana yule dume mguu wa mbele, chini ya goti. Damu ilimwagika hadi kwatoni.

"Shika hatamu, simama ubavuni kwa bega, usikae mbele yake," Babu aliniambia kwa sauti ya chini. Akakandamiza jeraha kwa shashi, na kwa dakika kumi hakuinua mkono hata mara moja. Anayefunua kuchungulia hung'oa damu iliyoanza kuganda. Farasi alitetemeka bega, nikawa namsemesha polepole, nami moyo unanienda mbio.

Damu ilipokata, alimwagia jeraha maji ya chumvi, akaliangalia kwa muda mrefu. Alikuwa anatafuta majimaji ya manjano yanayovutika kama ute wa yai. Hayo yakionekana, huenda kiungo kimetoboka, na kila saa inayopita inaweza kumgharimu farasi mguu wake. Hayakuwepo. Akazungushia pamba nene kwanza, ndipo bendeji, kwa sababu bendeji tupu ikikazwa juu ya mguu huumiza kano na kuzuia damu.

Mapigo yalikuwa 60. Baada ya robo saa kivulini yakashuka hadi 48. Babu alipanda kichuguu akapata mtandao, akamsomea daktari wa mifugo tarakimu zote, za asubuhi na za saa ile. Dawa ya maumivu aliyokuwa nayo hakuitoa mpaka daktari alipomtajia kipimo.

Tulimtembeza taratibu hadi barabarani, akapakiwa kwenye lori. Daktari alimshona jioni ile, akamdunga sindano ya pepopunda, maana farasi huathirika upesi mno na ugonjwa huo. Sisi wengine tulilala kambini, na kesho yake, kabla ya chai, wenzangu walikuwa zizini wakiniomba daftari.