Mafua Yalipoingia Shuleni Kwetu

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni mwaka 2023, nilipofungua daftari la mahudhurio la darasa la tatu, nilikuta watoto 11 hawapo. Sikushtuka. Juni huku kwetu ni mwezi wa kung'oa maharage, na mzazi mwenye shamba kubwa na mikono michache humbakiza mtoto nyumbani bila kumwuliza mwalimu. Jumatano walikosekana 29. Ijumaa walikuwa 74, katika shule yenye watoto 312, na walimu wawili walikuwa wamelala majumbani mwao, hoi, wasioweza hata kuinua kichwa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba maharage hayahusiki.

Mwalimu mkuu wetu wakati ule alikuwa masomoni, nami, nikiwa msaidizi wake, ndiye niliyekuwa na funguo. Mume wangu ni askari polisi katika kituo kilicho jirani na shule. Nilipomweleza jioni ile alicheka akasema, "Mama, mafua tu hayo! Wape chai ya tangawizi."

Sikumlaumu, kwa maana ndivyo tunavyosema sote. Lakini wanajeshi na askari wanaosoma ukurasa huu wana sababu yao ya kuyaogopa mafua. Mwaka 1918 maradhi haya yaliizunguka dunia nzima, na wataalamu wengi hukadiria kwamba yaliua watu wapatao milioni 50. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki yaliingia kwa meli na kusafiri kwa reli, yakawakuta askari na wapagazi wa vita vile vya Wazungu wakiwa wamechoka, wamekonda na wamesongamana makambini. Wengi walionusurika risasi kwa miaka minne walikufa kwa kikohozi, bunduki zilipokwisha kunyamaza. Kirusi cha mwaka 2023 hakikuwa kikali namna hiyo, lakini ni cha ukoo huo huo, na kingali kinapenda mahali palipojaa watu: bweni, kambi, gari la abiria, darasa.

Jumamosi walimu wakuu wa shule nne za gombolola letu, nami nikiwamo, tulikutana chini ya mwembe wa kituo cha afya. Mmoja wao, mzee wa kuheshimika aliyetufundisha baadhi yetu, alitaka shule zote zifungwe kwa majuma mawili. "Binti yangu," aliniambia, "mtoto akifia darasani kwako, utamjibu nini mama yake?"

Swali lile lilinichoma. Hata hivyo nililikumbuka jingine. Nchini Uganda shule zilifungwa mwezi wa Machi mwaka 2020 kwa sababu ya Korona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari mwaka 2022. Milango ilipofunguliwa, wasichana sita wa darasa langu hawakurudi. Wawili kati yao hukutana nami kisimani, kila mmoja na mtoto mgongoni, nao huniamkia kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu," na mimi hukosa pa kuyatazama macho yao. Nilimwambia mzee kwamba naogopa kifo kama yeye, lakini naogopa pia mlango uliofungwa, kwa kuwa najua nani huwa harudi.

Mganga wa kituo ndiye aliyetupa njia. Alitueleza kwamba mtu aliyeambukizwa mafua huanza kuugua baada ya siku moja hadi nne, na kwamba huweza kuambukiza wenzake tangu siku moja kabla ya kujisikia mgonjwa hadi siku tano au saba baadaye. Watoto wadogo huweza kuzidisha. Basi kufunga shule wakati watoto 74 wamekwisha kuugua kungekuwa kuwatawanya wengine, ambao kirusi kimo miilini mwao tayari, waende kulala mkeka mmoja na bibi zao na wadogo zao wachanga. Nao hao, pamoja na wajawazito, wenye pumu na wenye selimundu, ndio mafua huwadhuru zaidi. Tena, mtoto asiyekunywa uji wa shule mchana, wengi wao hawana uji mwingine.

Tukakubaliana shule ziendelee, ila kwa masharti. Mgonjwa abaki nyumbani hadi apitishe usiku na mchana mzima bila homa na bila dawa ya kuituliza. Gwaride la asubuhi likome. Madarasa yenye watoto wengi yahamie chini ya miti, na yanayobaki ndani madirisha yafunguliwe, hata kukiwa na baridi.

Ndugu msomaji, naona haya kukuambia juu ya vikombe. Tulikuwa na vikombe 40 vya uji kwa watoto 312. Kimoja kilipita midomo saba au minane, kikichovywa tu katika ndoo ile ile ya maji baina ya mtoto na mtoto. Nilikuwa nimekitazama kitendo hicho kwa miaka tisa, nami ndiye niliyekuwa nikifundisha somo la afya! Jumatatu iliyofuata kila mtoto aliagizwa aje na kikombe chake. Walikuja na bilauri, vibuyu, makopo ya maziwa, na mmoja akaja na kikombe cha jeshi cha baba yake, akawa mfalme wa darasa.

Kwa wake wenzangu wa askari jambo lilikuwa gumu zaidi. Katika unipoti, kile kibanda cha bati cha duara, familia ya watu sita hulala chumba kimoja, na kumwambia mama amtenge mgonjwa ni kama kumdhihaki. Tulichoweza ni hiki: mgonjwa alale karibu na mlango, kichwa chake kielekee mbali na vichwa vya wenzake, mlango uachwe wazi mchana kutwa, na mtu mmoja tu amhudumie, anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo. Mtoto anywe maji na uji mwepesi mara nyingi. Homa ikipanda apewe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Asipewe aspirini, ambayo kwa mtoto mwenye mafua huweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo. Vidonge vya rangi mbili vya dukani haviui kirusi hata kimoja.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Juma la pili nilikuwa nimechora safu mpya katika daftari, na kila aliyekosekana kwa ugonjwa nilimwandikia "mafua". Siku ya Jumanne msichana wa darasa la nne aliniambia kichwa kinamwuma na anasikia baridi. Sikumwuliza kama anakohoa. Nilimwandikia "mafua", nikamrudisha kwao. Alhamisi mhudumu wa afya wa kijiji alimkuta amelala, hajibu vizuri, hanywi kitu. Alimpima kidole, ilikuwa malaria. Mume wangu, yule wa chai ya tangawizi, alimfunga kwa kanga mgongoni mwa mama yake, akawapakia kwenye pikipiki ya kituo hadi kwa mganga, naye akachomwa sindano usiku ule ule.

Zamani kijijini kwetu kila homa iliitwa malaria. Kwa majuma mawili tu nilikuwa nimeligeuza kosa hilo kichwa chini, kila homa ikawa mafua, na kalamu yangu karibu imzike mtoto wa watu. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilifuta neno "mafua" katika safu yote, nikaandika "homa", na pembeni yake nikaongeza safu nyingine: "amepimwa?" Mhudumu wa kijiji akawa anakuja saa mbili kila asubuhi, na hakuna mtoto mwenye joto aliyeondoka shuleni kabla ya kupimwa malaria. Aliyekuwa akipumua haraka, au mbavu zikizama ndani kila avutapo pumzi, hakurudishwa nyumbani kabisa. Alipelekwa kituoni moja kwa moja.

Mwisho wa juma la nne waliokosekana walikuwa wanane. Yule msichana alirudi Jumatatu, amekonda, ameshika kikombe kipya cha plastiki cha kijani. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Mama akasema, "Mwalimu, hata mimi nilidhani ni mafua," kisha akaniomba nimsaidie mwanawe hesabu alizozikosa. Tulianza jioni ile ile, kwa kugawanya.