Kigari cha Mlango wa Tano

Yapo mambo ambayo mtu huyaamua kwa siku moja na kuishi nayo miaka kumi. Kununua gari ni mojawapo. Naandika haya si kwa sababu mimi ni mtaalamu wa magari; mimi ni mwalimu, na maishani nimeshika chaki kuliko usukani. Naandika kwa kuwa huenda wewe, ndugu msomaji, kesho utasimama mahali nilipopata kusimama mimi mwaka 2014, ukiwa na fedha za mkopo mkononi na sauti tatu kichwani, kila moja ikikuvuta upande wake.

Mimi naishi Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Mama yangu alikuwa akiishi kijijini upande wa Ifunda, kabla hujafika Iringa mjini, pamoja na mdogo wangu wa kike. Wakati huo alikwisha kuvuka miaka sabini. Goti lake la kulia lilikuwa limekufa ganzi ya uzee, na shinikizo la damu lilimtaka aende kliniki Iringa kila mwezi. Reli ya TAZARA hupita Mbeya na Makambako lakini Iringa haifiki, kwa hiyo safari zetu zote zilikuwa za basi. Ngazi ya basi ni jambo dogo kwa kijana. Kwa mama yangu ilikuwa ni mlima. Siku moja kondakta na mpiga debe walimshika huku na huku wakamnyanyua, mguu mmoja ukiwa hewani, na abiria wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na haraka. Jioni mama alinisimulia kwa maneno machache tu: "Leo wamenipakia kama lumbesa." Kisha akabadili mazungumzo. Usiku ule sikulala vizuri.

Nikaomba mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo, wa kulipa kwa miaka mitano. Nilipoupata niliogopa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukosea mara moja. Miaka ya nyuma niliwahi kununua saluni kubwa, nyeupe, yenye viti vya kitambaa laini na sauti nzito ya injini ya silinda sita. Dalali aliniambia ni gari la heshima, nami nikaamini kwamba heshima huuzwa pamoja na gari. Lile gari lilikunywa mafuta kama ngamia aliyerudi jangwani. Buti lake lilikuwa refu lakini fupi kwa kimo, hata gunia la viazi halikuweza kusimama. Mara nyingi lilikuwa limeegeshwa nyumbani chini ya mparachichi, na mimi nikienda kazini kwa daladala. Baada ya miaka miwili nililiuza kwa hasara. Nilijifunza kwamba nilikuwa nimelichagua kwa macho ya majirani, na majirani hawakunichangia hata lita moja.

Safari hii nikaamua kutafuta kigari kidogo cha aina ile isiyo na mkia, ambayo nyuma ina mlango wa tano unaoinuka juu, kioo na vyote. Ukiukunja mgongo wa kiti cha nyuma, gari la watu huwa gari la mizigo. Wengi hudhani ni magari ya akina dada wa mjini. Asili yake ni nyingine. Renault 4 ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 1961, ilitengenezwa kwa kumfikiria hata mkulima, apakie mazao siku za kazi na familia yake siku ya mapumziko. Volkswagen Golf ikafuata mwaka 1974 na kuufanya umbo huo kuwa wa kawaida duniani. Kwetu umbo hilo limeletwa hasa na Wajapani. Baada ya serikali kulegeza masharti mwaka 1984 na kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mlango ulianza kufunguka, na magari yaliyotumika Japani yakawa yanashuka bandarini Dar es Salaam. Yanatufaa kwa sababu Japani nao huendesha upande wa kushoto kama sisi. Tena ushuru wa bidhaa kwetu hupangwa kwa ukubwa wa injini, na ngazi ya chini kabisa ni injini isiyozidi sisii 1,000. Mtu akiona vigari vidogo vimejaa mitaani asiseme tu kwamba watu wana umaskini. Watu wanajua hesabu.

Nikabakiwa na magari matatu ya kuchagua, yote Toyota, kwa sababu nilitaka spea zipatikane Mwanjelwa bila kungoja basi la Dar es Salaam.

La kwanza lilikuwa Starlet ya gia za kuingiza kwa mkono, injini ya sisii 1,300. Lilikuwa la zamani, maana Starlet ziliacha kutengenezwa mwaka 1999. Mwenye nalo aliniruhusu kulijaribu kwenye barabara ya Tukuyu, ile inayopinda na kupinda kati ya migomba. Sitaki kukudanganya, msomaji. Nilipoingiza gia ya tatu na kukata kona ya kwanza, nikajikuta natabasamu peke yangu kama kijana wa miaka ishirini. Kigari kilikuwa chepesi, kinatii mkono kabla mkono haujamaliza kusema. Nilirudi Uyole nimekwisha kulipenda, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

La pili lilikuwa Vitz, ile iliyotokea mwaka 1999 kuchukua nafasi ya Starlet. Huko Ulaya iliitwa Yaris ikapewa tuzo ya gari la mwaka 2000. Nililolipata mimi lilikuwa na injini ya sisii 1,000, la otomatiki. Lina akili nyingi: nje dogo, ndani kubwa, mafuta kidogo. Lakini tulipopanda watu wazima wanne na kuanza kupandisha mlima wa Inyala kurudi Uyole, lilianza kuhema. Hapo fundi wangu akanikumbusha jambo ambalo mwalimu wa sayansi angepaswa kulijua. Injini hupumua hewa kama sisi, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Farasi walioandikwa kwenye karatasi huko Japani, wengine hubaki chini pwani. Huku kwetu wanafika pungufu. Kwa anayezunguka mjini si kitu. Kwa anayekwenda Iringa na mgonjwa na mizigo, ni jambo la kufikiria, hasa pale anapotaka kulipita lori mlimani.

La tatu lilikuwa IST ya injini ya sisii 1,500, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002. Bei yake ilikuwa imezidi ya Starlet zaidi ya mara mbili. Lilikuwa limenyanyuka kidogo kutoka ardhini na matairi yake yalikuwa ya inchi 15, wakati yale ya Starlet yalikuwa ya inchi 13. Fundi alilifurahia kuliko mimi. Aliinua kizibo cha oili akaangalia kama kuna utelezi mweupe kama maziwa, akachungulia maji ya rejeta, akapita mkono kwenye mpira wa ekseli, akalitikisa kila gurudumu kusikia bolijointi. Akaniambia injini hii hutumia cheni ya taimingi, ile ya Starlet hutumia mkanda ambao usipobadilishwa kwa wakati utakukatikia porini. Nikamwambia tatizo langu ni moja: ni otomatiki, na mimi sipendi gari linaloniamulia. Akacheka. "Mwalimu, kuna namba mbili na kuna L kwenye hiyo gia. Ukishuka Inyala au Kitonga usikae kwenye D na kukanyaga breki mpaka zinanuka. Shusha gia, injini ikushikie. Wanaopata ajali ni wale wanaoiachia breki kazi peke yake."

Akili yangu ilisema IST. Moyo ulisema Starlet. Mke wangu, ambaye ndiye mweka hazina halisi wa nyumba yetu, alisema, "Baba watoto, mkopo ni wa miaka mitano. Chagua gari ambalo mwaka wa tano bado utakuwa unalo."

Kwa bahati mwezi huo mama alikuwa kwetu, amekuja kuangaliwa mguu katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Nikawaomba wenye magari wayalete nyumbani. Nilifanya hivyo kama heshima tu. Sikutegemea bibi wa kijijini aniamulie habari za magari.

Tukaanza na Starlet. Mama aliinama, akashikilia mlango, akajishusha polepole kama mtu anayekalia kigoda cha jikoni. Kukaa alikaa. Kutoka kukawa kazi. Alijaribu mara ya kwanza, akajaribu mara ya pili, mara ya tatu ikanibidi nimshike mikono yote miwili nimvute. Alicheka, akanishukuru. Lakini niliuona uso wake kabla hajacheka, nao ulikuwa uso ule ule wa siku aliyosema habari za lumbesa. Moyo wangu ukanisuta. Gari nililolipenda kwa kunirudishia ujana lilikuwa linamkumbusha mama uzee wake.

Kwenye Vitz alikwenda nafuu. Kwenye IST alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Aligeuka akalipa gari mgongo, akakaa bila kuinama, kwa kuwa kiti kilikuwa kwenye kimo cha nyonga zake, kisha akaingiza miguu yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Akatoka vilevile. Hakushikwa na mtu. Akatengeneza kitenge chake, akasema, "Hapa nimekaa kama mtu." Halafu akanitazama. "Na wewe, mwanangu, unalipenda lipi?"

Nikamwambia, "Hilo hilo, Mama."

Mama si mtu wa kudanganywa. Akasema, "Usininunulie mimi gari halafu ukalichukia. Jembe likichukiwa na mwenye nalo, hata shamba hujua."

Nililinunua IST, na kwa miezi miwili mitatu ya mwanzo maneno yale yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli. Niliendesha kwa wajibu. Kila nilipoona Starlet inanipita pale Igurusi nilijisikia kama mtu aliyeoa kwa busara.

Kilichonibadilisha ni safari zenyewe. Kila mwisho wa mwezi niliondoka Uyole alfajiri, nikashuka Inyala kwa gia ya pili kama nilivyofundishwa, nikapita Chimala na Igawa, nikanywa chai Makambako, kisha ule msitu wa misonobari wa Sao Hill kabla ya Mafinga, ambako asubuhi ukungu hulala barabarani na harufu ya miti huingia garini. Gari lilitulia. Matuta hayakulitikisa sana. Nyuma niliweka viazi vya Uyole, na kurudi niliweka mahindi, mara nyingine mbuzi mmoja aliyefungwa miguu. Mlango ule wa tano haukunikatalia kitu.

Halafu kulikuwa na ile saa ya mwendo. Katika IST saa haipo mbele ya dereva. Ipo katikati ya dashibodi, na abiria wa mbele anaiona. Mama alipogundua maana ya mshale ule, akawa trafiki wangu. Kwenye vijiji, ambako mwisho ni kilometa 50 kwa saa na askari hukaa na tochi zao, alikuwa akisoma kwa sauti: "Hamsini na mbili, mwanangu. Hamsini na tano. Unaona?" Mwanamke aliyejifunza kusoma katika elimu ya watu wazima, miaka ya 1970, alikuwa ananisomea tarakimu kuanzia Ifunda mpaka Ipogolo, kisha tukipandisha kilima kuingia Iringa mjini ananisomea tena. Tulicheka mno. Siku moja niligundua, nikiwa katikati ya kona, kwamba nilikuwa natabasamu kama siku ile ya barabara ya Tukuyu.

Mama alifariki mwaka 2019, mwaka ambao mkopo ulikwisha. Katika miaka mitano ile hakubebwa tena na mtu kuingia garini. Naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko lolote nililowahi kulifanya kwa fedha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiniuliza gari lipi lifaa na lenye raha, nitakwambia mambo machache ya hakika. Pima nguvu ya injini kwa milima yako, si kwa karatasi ya Japani. Mpeleke fundi kabla ya kupeleka fedha. Ulizia spea kabla ya rangi. Fungua mlango wa nyuma uone kama gunia litasimama. Na yule aliye dhaifu kuliko wote nyumbani kwako mketishe kwanza, kisha mwangalie anapotoka. Raha usiitupe, maana mama alisema kweli kuhusu jembe. Lakini usiitafute siku ya kwanza tu.

Lile gari ninalo bado. Limepauka boneti na shokapu nimebadilisha mara mbili. Na nisije nikaonekana mtakatifu: Starlet ya gia za mkono ikinipita mpaka leo, nageuza shingo.