PESA YA NESI, SEHEMU YA 6: Gemu la laki na sabini na tano

Nimetoka zamu ya usiku, chai ya rangi iko mkononi na usingizi haujaja, basi tuendelee tulipoishia. Sehemu ya 5 tuliongelea michango ya shule. Leo ni kitu ambacho wazazi wengi mnakiona cha kitoto, ila kinakula pesa ndani ya nyumba zetu kweli kweli: magemu.

Mwanangu yuko form two. Juzi kaniambia, "Mama, gemu jipya la mpira limetoka, dola sabini tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyonishtua. Chukua kalamu tupige hesabu. Hata ukiihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, dola 70 ni shilingi 175,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa Julai 2025, kutoka 370,000 hadi 500,000. Kwa hiyo mtu wa kima cha chini atoe zaidi ya theluthi ya mshahara wake, tena kabla ya makato, kwa gemu moja. Marekani kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hicho ni kidogo hata kwao. Lakini hata huyo akifanya kazi saa 10, gemu kalilipia. Bei ni ileile, mifuko siyo ileile.

Watengenezaji nao tuwatendee haki. Bei ya dola 60 ilianza kuzoeleka miaka ya 2005 na 2006, ikakaa hapohapo miaka karibu 15, hadi 2020 ndipo ikaanza kwenda 70. Mwaka 2025 Nintendo wakatoa Mario Kart World kwa dola 80, watu wakapiga kelele sana. Ila dola 60 za 2006, kwa thamani ya leo, ni zaidi ya 90. Yaani kwa Mmarekani gemu limekuwa likishuka bei kimyakimya, wakati kazi ya kulitengeneza inazidi kuwa kubwa, mamia ya watu kwa miaka kadhaa. Anayesema ni wizi mtupu nitambishia. Gemu la GTA V lilitoka 2013 na mpaka leo vijana wanalicheza. Nioneshe kiatu cha mtoto kilichonunuliwa 2013 ambacho bado kinavalika.

Na mtaa wetu ulishajibu swali hili zamani. Jibu linaitwa kibanda cha PS. Hapa kwetu kipo kimoja jirani na mashine ya kusaga: televisheni mbili, PS4 mbili, benchi la mbao, na feni inayolia kuliko watoto. Mechi moja jero. Ukigawa 175,000 kwa 500 unapata mechi 350, na kwa vile wanavyojaa pale wakati wa likizo, hazichukui muda. Bei ambayo baba mmoja haiwezi, mtaa mzima unaibeba bila kuhisi.

Cha kuchekesha, yule kaka mwenye kibanda hata hajanunua jipya. Bado anachezesha FIFA 19. Mle ndani Ronaldo yuko Juventus, Mbwana Samatta bado yuko Genk, na watoto wanagombania Genk kwa sababu yake. Nikamuuliza kwa nini habadilishi. Akanijibu, "Sista, hii CD nilinunua mkononi kwa mtu, nikiichoka naiuza. La kupakua nikilichoka namuuzia nani?"

Nililifikiria hilo jibu zamu nzima. CD inatembea, inauzwa, inaazimwa, anarithi mdogo mtu. Gemu la kupakua limefungwa kwenye akaunti yako, na bei unayolipa si yote, maana magemu makubwa ya siku hizi yanapita GB 50, mengine 100. Hilo bando analipa nani? Kwa hiyo kwangu, laki na sabini na tano ya CD na laki na sabini na tano ya kupakua si pesa moja.

Sasa njoo kwenye ninaloliogopa kuliko bei yoyote: gemu la bure.

Dada yangu anauza mitumba. Mwanawe ana miaka 12 na ndiye anayemsaidia mama yake kutuma pesa kwa simu, namba ya siri anaijua kama jina lake. Mwezi uliopita dada alikwenda kuchukua belo akakuta salio halitoshi. Tulikaa wawili tukasoma meseji moja moja: 2,500, 2,500, 5,000, 2,500. Jumla 86,000, zote za kununulia vito kwenye gemu ambalo halikuuzwa hata senti. Mtoto analia, anasema, "Mamkubwa, mimi sikujua zimefika nyingi." Namwamini. Limetengenezwa ili asijue.

Dawa tunayompa mgonjwa ina idadi ya vidonge na siku ya kumaliza. Gemu la dola 70 nalo hivyo hivyo, linauma mara moja, unajua limekula ngapi. Hili la bure halina siku ya kumaliza. Na si maneno ya nesi tu. Ubelgiji ilishasema mwaka 2018 kwamba yale maboksi ya bahati nasibu ndani ya magemu ni kamari. Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Epic, wenye Fortnite, watatoa dola milioni 245 za kurudishia watu waliosukumwa kununua vitu bila kukusudia.

Kwa wenye wasiwasi: mtoto kupenda gemu si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha iliyoanza kutumika Januari 2022, ila ni pale mtu anaposhindwa kujizuia hadi shule na maisha yanaharibika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 hivi. Usimlete hospitali kwa sababu kagoma kuosha vyombo.

Nyumbani tuna PS4 aliyoiacha mjomba wao. Nimekubaliana na mwanangu: CD ya mkononi, ya msimu uliopita, 40,000, nusu yangu nusu yake. Dada naye kabadilisha namba ya siri, na meseji za pesa sasa anazisoma mwenyewe kila jioni. Wangu ameshafikisha 11,000, ametunza nauli kwa kutembea kwa mguu kutoka shule. Nauli yenyewe nimempa mimi, kwa hiyo nusu yake nayo inatoka kwangu. Hilo tutalichambua sehemu ya 7, ngoja nikalale.