Mtu Aliye Juu ya Nguzo

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza lilitanda takriban kote nchini Kenya. Hata katika uwanja wa kimataifa wa ndege jijini Nairobi, baadhi ya majengo yalikaa gizani kwa saa kadhaa kwa kuwa jenereta iliyotegemewa ilikataa kuwaka. Novemba na Desemba za mwaka uo huo, umeme ukapotea tena nchini. Si ajabu, basi, kwamba mwalimu mmoja mstaafu, ambaye mayai yalimharibikia katika mashine ya kuangulia vifaranga yakiwa yamebakiza siku mbili tu, alifunga safari hadi mjini akarejea na jenereta ya petroli ya kilowati mbili na nusu.

Kununua jenereta ni jambo jepesi. Kuioanisha na nyumba ndiko kwenye utata. Kijana wa kwanza aliyeitwa alikuja na waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja ungechomekwa kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima ingepata mwanga. "Mwalimu, hii ni kazi ya dakika mbili tu," alisema, na hapo hakusema uongo. Mafundi wa aina yake si wajinga. Ila hesabu yao hukomea ukutani mwa nyumba ya mteja.

Umeme haukomei hapo. Nyaya ziuingizazo nyumbani ndizo zizo zitakazoutoa nje. Transfoma ya kijijini huzishusha volti 11,000 za laini kubwa hadi 240 za matumizi ya nyumbani, lakini chombo hicho hakijui mbele wala nyuma: kikitiwa 240 upande wa chini, hutoa maelfu upande wa juu. Mara nyingi jenereta ndogo italemewa na mzigo wa kijiji kizima na kuzimika. Hata hivyo, laini ikiwa imekatika karibu, hakuna mzigo wa kuilemea, na hapo palipokatika ndipo alipopanda fundi wa laini kuunganisha. Ni kweli kwamba kanuni za kazi yake humtaka aipime laini na kuifunga kwa ardhi kabla ya kuigusa. Lakini ni nani angependa uhai wake ushikiliwe na kinga moja tu? Aidha, plagi ya pili ikichomoka ilhali jenereta inanguruma, pini zake zilizo wazi huwa na umeme kamili, na watoto wa nyumba hiyo wamo mumo humo sebuleni.

Fundi wa pili alikuwa mama wa makamo aliyesomea kazi hiyo chuoni. Aliuokota waya ule, akaugeuzageuza.

"Mwalimu, huu mnauitaje hapa?"

"Waya wa jenereta, mama."

"Jina hilo ni la upole mno."

Mwalimu, aliyefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini, hakuwa na la kujibu.

Mama huyo alifunga swichi ya kubadilishia, ile ambayo mafundi huiita chenjova. Mkono wake una vituo vitatu, na kwa umbo lake hauwezi kugusa umeme wa nguzoni na wa jenereta kwa wakati mmoja. Gharama ilimkunjisha mwalimu uso, lakini alilipa.

Kazi iliyomchukua muda zaidi ni ya ardhi. Watu wengi hudhani kwamba fimbo ya shaba ikishapigiliwa udongoni, mambo yamekwisha. La hasha! Udongo mkavu huupinga umeme vikali. Kinachoifanya swichi ya usalama ikatike ni njia ya umeme kurejea ulikotoka, na kwa umeme wa nguzoni njia hiyo hupatikana kwa kuwa waya wa nyutro umefungwa kwa ardhi penye transfoma. Katika jenereta nyingi ndogo nyutro haikufungwa popote. Waya wa moto ukigusa bati la friji, hakuna cheche wala kukatika; hitilafu hujificha kimya ikingoja ya pili, na hiyo ya pili yaweza kuwa mkono wa mtu. Swichi ya kukatiza umeme unaovuja nayo hukaa bure, kwani hakuna kinachovuja cha kuipa ishara. Kwa hiyo fundi aliunga fremu ya jenereta na fimbo kwa waya wa kijani na manjano, akaifunga nyutro na ardhi mahali pamoja tu, upande wa jenereta, kisha akapima. Alipima mara tatu.

Jenereta yenyewe iliwekwa uani, zaidi ya mita sita kutoka madirishani, bomba la moshi likitazama shambani. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Jenereta haiingizwi jikoni hata mvua ikinyesha. Birika la umeme lilipigwa marufuku.

Baada ya miezi kadhaa mashine ilinguruma vizuri lakini taa hazikuwaka. Ngurumo si umeme. Fundi alianza na swichi ya jenereta yenyewe, akaikuta sawa. Akakagua brashi, zikawa nzima. Kilichokosekana ni ile sumaku kidogo inayosalia ndani ya chuma na kuuanzisha umeme, ambayo hufifia mashine ikikaa muda mrefu bila kazi. Aliiamsha kwa betri ya volti 12, mguso mfupi tu, kisha akaagiza jenereta iwashwe kila mwezi na kubebeshwa mzigo, na petroli iliyochacha imwagwe kabla haijaziba kabureta.

Vituo vya swichi vilikuwa bado havina maandishi ila alama za kiwandani, naye mjakazi alikuwa akivibahatisha. Mwalimu akaletewa kalamu ya wino mzito. JENERETA na SIFURI hazikumsumbua. Penye kituo cha tatu alisita kitambo, akiupima umeme wa gridi ya taifa na majina yake yote rasmi, hadi mkewe alipomwambia kutoka mlangoni, "Baba, andika stima." Akaandika.